Kahawa kwa Mkono wa Kushoto

Kijiwe cha Idarusi pale Chumbageni kilikuwa ubao mmoja uliolazwa juu ya mawe mawili, na alasiri moja ya mwaka hamsini na sita waliketi watatu, Idarusi mwenyewe akiwa amechutama kando ya dele lake la kahawa. Kulia alikaa Maalim Shehe, mwalimu wa chuo cha Kurani. Kati, Asheri, Mbondei mfanyakazi wa reli, waliyempachika jina la Filimbi kwa sababu akianza hanyamazi. Kushoto, Uweso, aliyewahi kumpikia Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge, akatoka huko amejaa maneno aliyoyasikia mezani. Huyu walimwita Mwenyewe, maana kila hoja yake iliishia kwamba mtu ni mali yake mwenyewe.

Siku hiyo Uweso alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuzungushia pindo la kanzu.

Alikuwa na sababu. Asubuhi alikwenda bomani peke yake, akatia kidole gumba kwenye karatasi ya upimaji wa ardhi iliyosema kwamba lile shamba la Pongwe, ardhi na minazi, ni lake. Minazi ilikuwa yake kweli, aliipanda mwenyewe. Ardhi ilikuwa ya dada yake mdogo, Mwanamkasi, aliyopewa na mama yao angali hai, na nyumba yake imesimama hapo hapo. Pwani nzima inajua hayo, huyu ana mti na yule ana udongo, na watu wanaishi. Lakini karatasi ya karani ilikuwa na nafasi ya jina moja tu. Aliporudi nyumbani alisugua kidole kwa ndimu, kwa majivu, hata kwa mafuta ya taa, na ule wino wa zambarau wa bomani ukakaa pale pale.

— Mimi nasema mtu asiende kutia kidole, alisema Uweso. Karatasi ile mtego. Serikali ikishajua chako ni kipi, imejua cha kuchukua.

Asheri aliitikia kwa kichwa. Vigingi vya saruji walivyopanda wapimaji wa serikali kutoka Pongwe mpaka mjini alikuwa hana imani navyo hata kidogo.

— Kile cha njia panda nimekigonga kwa spana. Kina uwazi ndani. Uwazi wa nini?

— Wa kusikilizia, alisema Idarusi.

— Kusikiliza nini, minazi?

— Wenye minazi.

Maalim Shehe alisema hayo bado madogo. Wakimaliza mashamba watapima makaburi, na maiti atangoja nje mpaka stakabadhi yake ipatikane. Ardhi ni ya Mungu, sisi wageni tu, na mgeni hana haki ya kugawa nyumba ya watu. Uweso alijua anapaswa kunyamaza, ila hoja ilimwasha.

— Maalim, sala yako naweza kukusalia mimi?

— La.

— Na dhambi zangu, utanibebea?

— Astaghfirullahi, ninazo zangu.

— Basi kama mbele ya Mungu kila mtu anasimama peke yake, mbele ya karani niburute ukoo wa nini? Jasho langu, mti wangu. Haki yangu haimngoji mjomba.

Kwa muda mfupi Uweso aliona kweli hana kosa. Moyo ukamtulia. Kisha Maalim akaweka kikombe chini.

— Mbele ya karani? Si umetuambia tusiende?

— Nilikuwa natoa mfano.

— Na huo mkono una nini? aliuliza Asheri. Tangu lini wewe unakunywa kwa kushoto, mtu mzima?

— Jipu.

Asheri hakuamini jipu. Alisema Mgiriki huenda amemchanja chanjo ya kumfanya awapeleleze wenzake. Idarusi alisema chanjo hutiwa begani, huyu ameapishwa kiapo cha siri, na wanaoapishwa hukatwa kidole. Maalim alilitazama tu lile pindo la kanzu. Uweso alitamani aondoke, ila kuondoka kungekuwa kukiri.

Hapo akatokea Mwanamkasi, pakacha la machungwa kichwani, miguu myeupe kwa vumbi la barabara ya Pongwe. Aliwaamkia wazee, akalitua pakacha, akamgeukia ndugu yake.

— Shikamoo, kaka.

— Marahaba.

Alisema amehangaika kumtafuta. Watu wa Pongwe wameambiwa kesho ndiyo mwisho wa kutia kidole bomani, na watu wanasema kijiwe hiki kinawakataza wasiende. Yeye haogopi kwenda, anaogopa kudhulumiwa na wajuaji wa maneno.

— Nifuatane na wewe, kaka. Kidole nitatia mimi, maneno useme wewe. Wewe ndiye unayejua haki ya mtu.

Akainama na kunyoosha mikono yote miwili, kuupokea mkono wa kaka yake aubusu, kama alivyofanya tangu utotoni. Mkono haukuja. Aliinua uso akamtazama.

— Kaka, mbona hunipi mkono?

Asheri aliyashughulikia machicha ya kikombe chake. Idarusi aliinamisha dele, likatoa matone mawili na mashapo. Maalim Shehe alitazama barabara.

Mwanamkasi hakuirudisha mikono yake.