Kura ya Wakandaji Sita

Benchi la nje ya karakana ya seremala lilikuwa na watu watatu asubuhi ile, na birika la kahawa lilikuwa limebaki nusu. Ng'ambo ya barabara, kiwanda cha mikate kilitoa moshi kwa bomba moja badala ya mawili. Tanuri la pili lilikuwa limekufa, na bosi alikuwa ametangaza: wakandaji ni sita, wanabaki watatu. Saa sita mchana angevuta vikaratasi vitatu vya majina ya watakaobaki kutoka kwenye kofia yake. Hamira alikuwa mmoja wa hao sita, na mkewe mwingine. Akitoka mmoja, wangejibana wakaishi. Wakitoka wote wawili, hakuna wa kumshika mwenzake, na hilo ndilo lililokuwa linamkata maini.

— Rula, niambie ukweli, — Hamira alimgeukia seremala. — Nafasi ya kutoka wote wawili ni ipi?

— Hapo kuna hesabu gani? — alidakia Redio, fundi simu ambaye hakuumbiwa swichi ya kuzimia. — Ama mnatoka, ama hamtoki. Nusu kwa nusu!

— Hebu nyamaza, — Rula alichomoa penseli sikioni, akaandika kwenye kipande cha ubao. — Watu sita, wanachaguliwa watatu. Makundi yanayowezekana ni ishirini.

— Na yale ambayo sisi wawili hatumo?

— Hapo watatu wote lazima watoke kwa wale wanne wengine. Ngoja...

— Mimi nimeshamaliza! — Redio alimnyang'anya penseli. — Wa kwanza kuvutwa ni yeyote kati ya wanne. Wa pili, kati ya watatu. Wa tatu, kati ya wawili. Nne mara tatu mara mbili, ishirini na nne!

Hamira aliutazama ubao. Ishirini na nne juu, ishirini chini.

— Ishirini na nne kati ya ishirini?

— Pole, ndugu yangu. Mmeshafukuzwa, na chenji inabaki.

Kwa kitambo Hamira aliamini kabisa.

— Acha uchizi wako! — Rula aligonga benchi. — Wewe umehesabu nani kavutwa kwanza na nani wa mwisho. Bosi anajali hilo? Watatu ni wale wale, hata ukiwapanga kwa namna sita. Gawanya kwa sita. Makundi manne kati ya ishirini. Moja kati ya tano.

Moja kati ya tano. Hamira alivitazama vidole vitano vya mkono wake vyenye unga, akakichukia kidole gumba.

— Bado kubwa.

— Tuipunguze basi, — alisema Redio. — Mpe mkeo talaka mpaka saa nane, kila mtu ahesabiwe kivyake!

— Kikaratasi kinajua ndoa? — aliuliza Rula.

— Basi mkeo abadilishe jina. Jina refu, karatasi kubwa, mkono wa bosi unakutana nalo kwanza...

— Redio, nitakupiga na hiki kikombe, — alisema Hamira, na hakuwa anatania.

Dereva wa lori la unga, aliyekuwa amesimama pembeni akingoja zamu ya kushusha mzigo, alirudisha kikombe chake.

— Samahani, wakubwa. Hivyo vikaratasi, nani ameviona vikiandikwa?

Hamira alisimama.

— Unakwenda wapi? — Rula alimshika shati. — Ukimuuliza bosi, anaweza kukutoa kabla hata ya kura!

— Najua. Nataka avikunjue vyote sita mbele yetu, — alisema Hamira. Alijinasua, akavuka barabara.

Redio alimsogelea Rula, akamuuliza kwa sauti ya chini bosi akikasirika nafasi itakuwa ipi. Rula alimpokonya penseli, akairudisha sikioni.