Tumbo la Ukubwa wa Yai

Vilibaki vituo viwili basi lifike hospitali, na mpishi wa shule alikuwa ameukumbatia mfuko wake wa nguo kana kwamba ulitaka kutoroka. Kesho angekatwa tumbo apungue mwili. Jirani yake kitini, fundi cherehani aliyekatwa mwaka juzi, hakuwa mtu wa kupaka maneno asali.

“Utabaki na tumbo la ukubwa wa yai, dada. Kijiko kimoja kikizidi, unatapika mpaka unamwona marehemu bibi yako.”

“Na mimi kazi yangu kuonja! Masufuria sita kila asubuhi.”

“Utaonja, uteme.”

“Mbele ya watoto?”

Abiria wa nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Mpishi hakucheka. “Daktari kasema moyo umechoka kunibeba. Nisipokatwa nakufa, nikikatwa naogopa sitaamka.”

“Mimi si niliamka? Hata magoti siku hizi yamenyamaza. Ila magauni nimeyapunguza mara nne, na ya tano nikamwogopa yule mwanamke kwenye kioo.”

“Kwa hiyo unajuta?”

Fundi alifungua mdomo, basi likapiga breki. “Hospitali!” kondakta akaita. Watu watatu wakashuka. Mpishi alikaa palepale, akimtazama fundi mdomoni.