Jumatatu za Marehemu Sophie Biira

Baba Padri, mwenyekiti wa kijiji, shemeji zetu mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Butembo na Beni, majirani wa Bwera, maafisa wawili mliotumwa na mkuu wa kituo cha polisi na ambao mmepewa viti pale chini ya turubai la buluu, ndugu waombolezaji wote, naitwa Tefiro, mdogo wake marehemu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na familia imenipa mimi kazi ya kusoma historia hii, kama ilivyonipa kazi hiyo katika misiba mingine ya nyumba hii. Nitasoma kwa Kiswahili, maana hapa wengine ni wa Lhukonzo, wengine ni wa Kifaransa, na maafisa wetu wametoka mbali, nami leo nataka kila mmoja aelewe. Mwenyekiti ameniomba asubuhi hii nifupishe, na nisiguse mambo ya zamani, mwenyekiti nilikusikia, naomba unisamehe.

Marehemu Sophie Biira alizaliwa tarehe 14 Juni 1962 huko Kyarumba, mtoto wa pili wa kike wa Mzee Aaron, mkulima wa kahawa na maharagwe, na Mama Musimenta, wote wametangulia mbele ya haki. Alikulia kwenye mteremko ambao kila kitu kinapanda na kushuka kichwani mwa mtu, maji, kuni, magunia, na mpaka uzee wake alitembea ameinyoosha shingo, hata wageni wakadhani ana maringo, kumbe ni mizigo ya utotoni.

Alianza darasa la kwanza hapo Kyarumba mwaka 1970, akamaliza la saba mwaka 1976, akiwa wa kwanza katika darasa la watoto arobaini na moja. Hakuendelea, kwa sababu mzee alikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja tu, akamchagua wa kiume, yaani mimi. Ninalisema hili mapema kwa kuwa mbele litatuhusu. Mtu aliyenifundisha kuandika jina langu, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko la mama, kabla sijavaa hata hiyo sare ya shule, alikuwa Sophie, na alinipiga vidole kila nilipoisahau herufi ya mwisho.

Mwaka 1981 alishuka Kisinga akajifunza kushona kwa masista kwa miezi tisa, lakini cherehani hakuipenda, alisema inamkalisha. Mwaka 1984 akaingia biashara ya chumvi, akiichukua Kabatoro na kuileta soko la Bwera, na katika soko hilo akakutana na kijana wa Butembo aliyeitwa Benoît, aliyenunua chumvi ya kuvusha, na ambaye kwa muda wa miaka miwili alinunua chumvi nyingi kuliko watu wa kwao walivyoweza kula. Shemeji, mnacheka, lakini ndivyo alivyotusimulia mwenyewe. Walifunga ndoa takatifu hapa Bwera tarehe 25 Agosti 1990, siku ya Jumamosi, wakajenga nyumba hii mnayoiona, na Mungu akawapa watoto wawili, Phionah aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1993, ambaye ndiye huyu amekaa karibu na jeneza, na Bright Maate aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1998. Benoît alifariki kwa homa ya ini tarehe 20 Februari 2011, akazikwa Butembo, na Sophie akaendelea na chumvi na watoto peke yake.

Bright alikuwa fundi wa simu, na kibanda chake kilikuwa cha tatu ukiingia barabara ya sokoni, kimepakwa rangi ya kijani. Mwanzoni mwa Oktoba 2019 wenye vibanda walipewa siku mbili wahame, bila kuonyeshwa mahali pa kwenda, na tarehe 8, Jumanne, wakatoka kuandamana. Matairi yalichomwa, hilo ni kweli, mawe yalirushwa, hilo nalo ni kweli, magari mawili ya askari yakaja, moshi wa kutoa machozi ukapigwa, halafu kikapigwa kitu kingine ambacho si moshi. Bright alikwenda pale kwa miguu yake na kwa akili yake. Kama alirusha jiwe au hakurusha, mimi sijui, na dada yangu alikuwa akisema kwamba hata kama alirusha, jiwe lina adhabu yake mahakamani, na adhabu hiyo si kuzikwa.

Sasa nafika mahali ambapo niliwahi kufika nikapita pembeni.

Maiti ya Bright ilikaa kituoni siku tatu bila kutolewa, kwenye joto mnalolijua, na siku ya nne, Ijumaa, niliitwa mimi, kwa kuwa ndimi msomi wa familia, nikapewa karatasi iliyokwisha kuandikwa kwamba kijana alikufa kwa ajali ya pikipiki. Mkubwa aliyenipa, ambaye alihamishwa kitambo, aliniambia, "Mwalimu, wewe iko mutu ya serikali. Weka saini, beba maiti yako, kwenda zika." Nilimfikiria dada yangu aliyekuwa ameketi nje kwenye majani tangu Jumanne, nikafikiria kazi yangu, sitawaficha, niliifikiria kazi yangu zaidi, nikaandika jina langu lote mpaka herufi ya mwisho. Kesho yake, Jumamosi tarehe 12 Oktoba, nilisimama hapa hapa, nikasoma historia ya marehemu Bright Maate mbele ya baadhi yenu, na nilipofika kwenye kifo nikasoma, kwa sauti nzuri ya darasani, kwamba alifariki kwa ajali ya pikipiki. Sophie alikuwa amemwosha mwanawe kwa mikono yake, alikuwa ameona tundu chini ya bega la kushoto, upande wa mgongo. Alinisikiliza hadi mwisho.

Jumatatu iliyofuata alianza kwenda kituoni. Alikwenda Jumatatu kwa sababu si siku ya soko, alivaa kitenge cha kanisani, akabeba picha ya Bright kwenye mfuko wa plastiki, akauliza mambo matatu, saa ngapi, kwa amri ya nani, na nani alifyatua. Aliambiwa, "Mama, faili iko kwa mukubwa," na mkubwa alipokuwepo faili ilikuwa Kampala, na iliporudi kutoka Kampala mkubwa alikuwa mwingine, naye akafungua ukurasa mpya na kumwuliza jina la mtoto na herufi zake. Alipitia wakubwa watano. Aliwataja kwa mpangilio, kama wengine wanavyotaja wafalme katika Biblia, na hakuwahi kuwatukana.

Huku nje watu walibishana kama siku ile yalikuwa maandamano au zilikuwa ghasia, wakabishana kwenye baa, kwenye harusi, na hata kwenye jumuiya za sala. Desemba 2020, wakati wa kampeni, redio moja ikawaita wanasiasa wetu wawili, Baker na Faruk, wakajadili jambo hilo saa nzima, Baker akisema waliokufa walikuwa wahuni, Faruk akisema walikuwa mashujaa, na Sophie, aliyekuwa akipima chumvi, akaweka kopo chini akapiga simu. Wengi mlimsikia. Alisema, "Muko na maneno mingi, ninyi wawili. Mimi natafuta mutu moja tu, ule alipiga mutoto yangu. Jina yake nani?" Mtangazaji akamshukuru mama kwa mchango wake mzuri, akaweka wimbo. Wiki hiyo Faruk akabandika picha za Bright mji mzima, zimeandikwa neno shujaa, na dada yangu akachukua kitambaa chenye maji na kisu cha jikoni akazibandua moja moja, kuanzia sokoni hadi njia ya mpaka, akisema kwamba hazina tarehe wala mahali, na mtoto wake si sabuni ya kutangazwa.

Hatimaye iliundwa kamati ya kusikiliza malalamiko, ikakaa kwenye ukumbi mmoja mjini Kasese tarehe 17 Agosti 2022, Jumatano, na Sophie akapewa nafasi. Alikuwa amejiandaa miaka karibu mitatu. Alieleza kwa dakika nne, kisha mwenyekiti wa kamati akatoa karatasi, akamwonyesha sahihi, akamwuliza huyu Tefiro ni nani. Dada yangu akajibu, "Ni ndugu yangu. Iko mwalimu, anajua kuandika." Basi wakamwambia kwamba familia yenyewe ilikubali ni ajali, wakamshukuru kwa kufika, na shauri likaishia hapo. Mimi nilikuwa nimepata barua ya kuitwa siku hiyo. Nilijibu kwamba naumwa, na saa ile ile nilikuwa darasa la nne, nikiwafundisha watoto kusoma saa.

Jioni alipanda Kyarumba mpaka kwangu, na njia ile si ya mama wa miaka sitini, akaketi, akanywa maji, nami nikangoja anilaani. Aliniambia, "Ile siku ulisoma muzuri, Tefiro. Siku moja utasoma ile ingine." Hakulirudia tena neno hilo katika maisha yake yote, ila kila tulipokutana kwenye msiba, nilipofunua karatasi niisome historia ya mtu, alikuwa akinitazama. Mimi nimechoka kutazamwa vile, jamani, na sasa macho yenyewe yamefumbwa na bado yananitazama.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2023, na mapema mwaka huu madaktari wa hospitali ya misheni, Kisinga, wakagundua figo zimechoka. Alilazwa mara tatu. Hata hivyo Jumatatu alikwenda, kwa bodaboda alipokuwa hawezi kutembea, na Jumatatu yake ya mwisho ilikuwa tarehe 27 Oktoba, ambapo aliandikisha jina la mtoto na herufi zake kwa mara nyingine. Alifariki Kisinga Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, kwa maradhi ya figo, akiwa na miaka sitini na mitatu, mikononi mwa binti yake. Ameacha mtoto mmoja, wajukuu wawili, na ndugu mmoja ambaye ndiye anayewasomea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kisinga kwa subira yao, wanawake wa chumvi wa Kabatoro na Bwera waliofunga meza zao tangu juzi, Padri na jumuiya, majirani waliotoa masufuria na usingizi wao, na shemeji zetu ambao barabara waliyopitia tunaijua. Tunamshukuru pia askari mmoja wa kike, simtaji jina asije akahamishwa kwa ajili yetu, ambaye kwa miaka minne hakuwa na jibu la kumpa dada yangu, lakini kila Jumatatu alimtolea kiti, akakifuta vumbi, akakiweka kivulini.

Na sasa, kabla hatujamshusha, kuna historia niliyoisoma vibaya hapa, nami naomba kuisahihisha. Sijifanyi jasiri. Nilistaafu mwezi wa tano, hawana tena darasa la kuninyang'anya, na huo ndio ujasiri wangu wote, umekuja umechelewa na umemkuta mwenye haki yake amelala. Yvette, muuza nyanya aliyeona kwa macho yake, amekubali nimtaje, yuko pale amesimama na watu wa Beni.

Marehemu Bright Maate, mtoto wa Benoît na Sophie, alizaliwa Bwera tarehe 3 Machi 1998, akafariki Bwera Jumanne tarehe 8 Oktoba 2019, saa tano na kama dakika ishirini asubuhi, kwenye barabara ya sokoni, hatua sita kutoka mlango wa kibanda chake cha kijani, akiwa anakimbia kurudi ndani, mikono mitupu, kwa risasi iliyomwingia mgongoni chini ya bega la kushoto, iliyopigwa na askari ambaye jina lake hatujaambiwa. Hapakuwa na pikipiki. Karatasi inayosema ilikuwepo niliisaini mimi, na hii ninayosoma nimeisaini pia, maafisa wetu mtapewa nakala mkitaka.

Dada, ile nyingine ndiyo hiyo, nimeisoma, na wamesikia wote. Miguu yako imetosha. Pumzika kwa amani pembeni ya mtoto wako, Sophie, kile kiti Jumatatu nitakikalia mimi.