Barua ya Pili: Kuwaaga Mwalimu Felisian na Mwalimu Dominika

Tarehe 30 Juni 1998, Felisian Kasmir na mkewe Dominika Urbano wanastaafu baada ya kuhudumu miaka ishirini na mitatu katika kituo chetu cha kufundishia makatekista hapa Sumbawanga. Wasifu huu nusura uwe wa mtu mmoja. Nitaeleza kwa nini, maana kosa lilikuwa langu.

Walifika mwaka 1975 kutoka Mollo, wakiwa na kitanda, majembe mawili na gunia la ulezi. Felisian aliajiriwa kufundisha dini na liturujia. Dominika hakuajiriwa, alikuja kwa kuwa ni mke. Lakini makatekista wetu huja na familia zao na kukaa miaka miwili, na mwezi haukuisha kabla wake zao hawajaanza kujaa barazani kwake. Aliwafundisha kusoma, kushona, kutunza wagonjwa na kuwafundisha watoto sala. Miaka ile ya uhaba, dukani hakuna hata kipande cha sabuni, walijifunza pia kuitengeneza wenyewe. Ilinuka vibaya, lakini nguo zilitakata.

Mwaka 1984 Felisian aliugua malaria karibu mwezi mzima. Dominika alichukua daftari la mumewe akaingia darasa la wanaume. Siku ya kwanza wawili walitoka nje. Wiki ya pili hao hao walikuwa wanagombea benchi la mbele. Felisian aliporudi, darasa lilimuuliza kwa adabu kama hahitaji kupumzika kidogo zaidi.

Felisian naye ana yake. Kila mwaka hufundisha ubatizo wa dharura kwa kutumia mwanasesere wa matambara aliyeshonwa na Dominika, aitwaye Agnesi. Mwaka 1991 watoto walimchukua mwanasesere kuchezea, hakuonekana. Felisian, asiyejua kufanya jambo nusunusu, akaazima kichanga cha Shija na Debora, wanafunzi wetu kutoka jamii ya wafugaji Wasukuma waliohamia Milepa. Akamwaga maji, akatamka maneno yote hadi amina, na kwa mazoea akampa mtoto jina la mwanasesere, Agnesi. Dominika alikuwa wa kwanza kuinuka, akamfuta mtoto, akamwambia mumewe jambo kwa Kifipa ambalo mpaka leo hakuna aliyekubali kututafsiria. Paroko aliamua kwamba somo ni somo, kwa kuwa mwalimu hakukusudia kubatiza. Pasaka iliyofuata mtoto alibatizwa rasmi, na wazazi wake, kwa hiari yao, wakasema jina libaki lile lile.

Kisha soko huria likatukuta. Maduka ya Katandala, hapa mjini, yalijaa redio na mitumba, na vijana wengi wakaona heri biashara kuliko kukaa miaka miwili darasani. Mwaka 1994 zilikuja familia sita tu, na tukaanza kusikia minong'ono kwamba kituo kitafungwa. Sisi wa ofisini tuliandika barua kwenda parokia zote. Dominika alifunga kitenge akaenda kwa miguu, kigango hadi kigango, kuzungumza na wanawake. Alijua tusilolijua: mwanamume hukubali upesi, lakini mke ndiye anayeacha shamba, na anataka kujua watoto watakula nini. Aliwaambia kila familia inapewa shamba hapa kituoni. Mwaka uliofuata tulipokea familia kumi na nne, na sifa akapewa mkuu wa kituo.

Sasa nije kwenye kosa. Machi mwaka huu niliandika barua ya kustaafu, nikaandika jina moja, la Felisian, maana ndilo lililomo kwenye orodha ya watumishi. Kesho yake asubuhi aliirudisha mezani kwangu. Alikuwa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama anavyosahihisha madaftari: Haijakamilika. Rudia. Nina miaka arobaini na miwili, lakini nilitamani kujificha chini ya meza. Alieleza, bila kupaza sauti, kwamba hataagwa peke yake kwa kazi ya watu wawili, na kwamba hafungi mizigo mpaka barua irekebishwe. Dominika aliposikia alimkasirikia; alisema watu wazima hawagombani kwa ajili ya karatasi.

Bodi ya kituo ilikaa mara mbili kuijadili. Nakiri niliogopa watakataa, na kwamba tutawapoteza wote wawili kwa uchungu. Mei barua ya pili ilitoka, nami mwenyewe nikampelekea Dominika bustanini kwake, akipalilia kabichi. Alifuta mikono, akasoma taratibu, kisha akanirudishia na kuniomba nimsomee mstari wa kwanza. Mama aliyefundisha mamia kusoma hakuwa na shida ya macho. Nikamsomea: Kwa Mwalimu Dominika Urbano. Akaniomba nirudie. Nikarudia, na wote wawili tukalia pale kwenye kabichi, bila aibu.

Wapendwa wetu, mnarudi Mollo, nasi tunabaki na deni la shukrani. Mungu awape afya, mvua za wakati wake na uzee wa pamoja. Kwa miaka kumi na saba nimemwamkia mmoja wenu kama mwalimu na mwingine kama mke wa mwalimu. Leo nasahihisha.

Shikamoo, Mwalimu Felisian. Shikamoo, Mwalimu Dominika.

Leonardi Obed
Katibu wa Kituo