Diwani Aliyekataa Kigoda

Mwangaluka, wasikilizaji wapendwa. Mimi ni Gloria Sayi. Sauti yangu leo si nzuri, mniwie radhi. Tumemzika Mzee Danford Malimi, huko upande wa Lagangabilili. Diwani Danford. Yule aliyetengwa na kijiji chake mwenyewe.

Turudi mwaka tisini na nne. Mkoa wa Simiyu haujazaliwa, Itilima bado ni Bariadi. Vyama vingi vimeingia. Wanunuzi binafsi wa pamba wamemwagika vijijini na pesa mkononi. Watu wananunua ng'ombe, na wezi nao hawalali. Danford anagombea udiwani, anashinda. Watu wakasema, sasa serikali ni yetu.

Mara ng'ombe wa mjane mmoja wakaibwa. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakamkamata jirani yao, Mahona. Ikaitishwa dagashida, ule mkutano wetu wa kijiji kizima. Danford akawekewa kigoda mbele ahukumu. Akakataa kukaa.

Mkewe, Mama Nyanjige, alikuwepo. Ananiambia: "Alisimama juani. Akasema, jamani, mmenituma halmashauri nikatunge sheria ndogo. Nikitunga mimi, nikahukumu mimi, Mahona akionewa atalalamika kwa nani? Kwangu tena? Mpelekeni mahakamani Bariadi."

Narudia, wasikilizaji. Anayetunga sheria asihukumu. Anayekamata naye asihukumu. Si kwamba ni watu wabaya. Hata mtu mwema hukasirika, na siku hiyo pawe na mwingine wa kumkimbilia. Basi.

Nani amsikilize! Mkuu wa sungusungu alikuwa Mzee Luhaga, mjomba wake Danford, kaka wa mama yake. Akamwambia, "Mahakamani mwizi anatoka kabla sisi hatujafika nyumbani. Kura tulikupa ya nini, mpwa wangu?" Amri ikapita. Danford atengwe, sawa na Mahona, mpaka atoe dume la ng'ombe na kuketi kwenye kile kigoda.

Mnajua kutengwa kwetu. Hupewi moto, hupewi salamu. Anayekusalimu anatozwa ng'ombe. Unavuna pamba yako peke yako huku majirani wanatazama pembeni. Ahame? Diwani anaihamaje kata yake? Ajiuzulu? Bado kigoda kinamsubiri. Alibanwa kila upande, maskini.

Halafu mama yake akafa.

Kwetu kaburi huchimbwa na majirani. Asubuhi ile hakuja mtu. Alikuja Luhaga tu, akasimama mbali, hakusalimu. Akasema, "Njoo uketi, mpwa wangu, nimzike dada yangu." Alikuwa analia. Amri ni yake mwenyewe, na kuivunja hawezi.

"Nilimpigia magoti mume wangu," anasema Mama Nyanjige. "Nikamwambia, kaa tu, mpe Mahona adhabu ndogo, tumzike mama. Akaniambia, kama hajaiba, adhabu ndogo ya nini? Na kama ameiba, mimi nimejuaje?"

Baadaye Mahona akatokea na jembe begani, aje kusaidia. Danford akamrudisha. Angempokea, kijiji kingesema wanakula sahani moja. Basi wakachimba wawili, mume na mke. Ilikuwa kiangazi, na ule udongo wetu mweusi mnaujua ukikauka. Luhaga alibaki nje ya uzio wa minyaa, kofia mkononi, mpaka wakamaliza kufukia.

Ng'ombe walikuja kupatikana kwa mchuuzi mmoja upande wa Kiloleli. Kesi ikafika Bariadi hatimaye, Mahona hakuhusika, mahakama ikamwachia. Salamu zikarudi kwa Danford polepole, bila mkutano, bila mtu kusema samahani. Akamaliza udiwani wake, akarudi shambani.

Mama Nyanjige, pole sana. Benedikta na Elia, watoto wa marehemu, poleni. Nanyi mnaokaa kwenye vikao vya vijiji na halmashauri, leo jiulizeni, mkikosea ninyi, mwananchi anakwenda kwa nani?

Jana nilimuuliza Mama Nyanjige kama anajivunia mumewe. Akakunja kanga yake magotini.

"Alikuwa sahihi, mwanangu. Siku hizi kila mtu anasema alikuwa sahihi. Lakini mama alizikwa na watu wawili. Hilo nilikuwa sijamsamehe, na sasa ameondoka."