Mwalimu Shabaha na Mkono wa Breki

Wazazi wetu, ndugu, majirani, walimu wenzake, na ninyi wote mliofika hapa kwa magari ambayo wengi wenu mlifundishwa na yeye kuyaendesha, familia imekubaliana kwamba historia hii isomwe kama ilivyokuwa, si kama ilivyozoeleka kusimuliwa, na anayebanwa na kicheko acheke, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakupenda mtu ateseke kwa ajili ya heshima yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1963, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, chumba ambacho mchana kilikuwa karakana ya mama yake, fundi cherehani, na usiku kilikuwa cha kulala watu pamoja na vitambaa vya watu, na inasemekana kwamba kabla hajajua kusema alishajua kusinzia kwa mlio wa cherehani, ukinyamaza tu anaamka analia. Baba yake alikuwa dereva wa pikapu ya kubeba mbao na mwindaji mwenye kibali, mtu wa maneno machache, aliyefariki kwa homa tarehe 20 Oktoba 1975, akaacha mjane, watoto wawili, bunduki moja ya kurithi na hiyo pikapu, ambayo nayo ilikuwa na homa zake.

Alianza shule ya msingi Januari 1971, katika shule iliyokuwa nyuma ya soko, akawa mwanafunzi wa wastani, na tunaposema wastani tunamaanisha wastani, leo hatutaongeza chumvi. Alikuwa mtoto mpole, mpole wa kupitiliza wengine walisema, kwani siku moja alipoombwa amshike kuku miguu achinjwe, alimshika, akamwomba radhi, akamwachia, na wageni wakala mboga za majani. Habari hiyo, kama ilivyo kawaida ya habari za aibu, haikukosa nauli, ikamfikia baba yake mkubwa, kaka wa marehemu baba yake, mtu mwenye sauti nzito na nia njema, ambaye Agosti 1977 alifika nyumbani akiwa na begi tupu mkononi, akaliweka mezani katikati ya vipande vya vitambaa, akasema mtoto wa kiume halelewi na cherehani, kijana ana miaka kumi na minne na anaomba radhi kuku, basi apakie nguo zake humo, akalelewe na wanaume.

Marehemu alikuwa amesimama mlangoni, akilitazama lile begi, na alimsimulia mke wake miaka mingi baadaye kwamba kilichomtisha hakikuwa baba mkubwa, kilichomtisha ni kuona begi lilivyo kubwa, akajua haendi likizo.

Mama yake hakuinua kichwa, alimaliza kwanza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno, akauliza, "Shemeji, akileta nyama kutoka mlimani, utaondoka na begi lako?" Baba mkubwa akacheka, akasema, "Huyu? Akileta nyama kutoka mlimani, nitaondoka na begi langu na wala sitauliza tena habari zake." Mama akasema, "Majirani mmesikia," maana madirisha yote ya ua yalikuwa wazi, na majirani, kwa kweli, walikuwa wamesikia tangu salamu.

Wiki hiyo mama alikata kibali cha kuwinda kwa jina lake mwenyewe, karani akamwuliza mara mbili kama hajakosea dirisha, na jioni jirani yetu muuza bucha akamfundisha kuendesha pikapu kwenye uwanja wa mpira, akipiga kelele, "Gia huru kwanza, mama, gia huru!" huku watoto wakihamisha magoli kumpisha. Suala la leseni tunaomba tusilizungumzie, maofisa wa usalama barabarani mpo hapa na tunawaheshimu.

Jumamosi ya tarehe 13 Agosti 1977, mama na mwana walipanda mlimani, mama akiwa amevaa koti la marehemu mumewe, mikono ameikunja na kuishona, pini za kazi bado zimo kwenye kola, na bunduki iko kati yao kama abiria wa tatu. Walipofika kona ya juu kabisa rejeta ilichemka, mvuke ukawafunika hadi wasione mlima wenyewe, mama akasimamisha gari, akaweka gia huru na kuvuta breki ya mkono kama alivyoelekezwa, wakakaa ndani wakila karanga, wakingoja mzee apoe. Hapo ndipo marehemu, akitazama nyuma kupitia kioo, alipomwona mbawala dume amesimama katikati ya barabara waliyotoka, chini yao kidogo, pembe zimenyooka, anazishangaa alama za tairi zilizopita. Akanong'ona, "Mama, yule pale." Mama akampa bunduki, akanong'ona naye, "Nenda, mwanangu, taratibu."

Sasa tunawaomba mtuvumilie kwa jambo la ufundi. Kwenye cherehani, nyuma ya sindano, kuna kijimkono cha chuma, ukikishusha kitambaa kinabanwa kisiende popote, ukikiinua kitambaa kinakuwa huru. Kwenye gari, kama marehemu alivyowaimbia ninyi nyote, mambo ni kinyume, mkono wa breki ukiwa juu gari limeshikwa, ukiwa chini limeachiwa. Mama, kabla ya kushuka, alitaka kuhakikisha gari limebanwa vizuri lisije likalia na kumshtua mnyama, na mikono yake, iliyokuwa imeshona tangu ujana, haikumwuliza, ikafanya inachokijua, ikaushusha ule mkono hadi chini.

Wakati huo marehemu alikuwa amelala kifudifudi kando ya barabara, bunduki begani, mbawala yuko mbele yake waziwazi, shabaha ambayo hata kipofu angeombwa ajaribu, na kidole kilikuwa mahali pake. Mnyama akageuka, akamtazama kama mtu aliyesikia anaitwa. Marehemu akalifikiria lile begi, akafikiria chumba cha nyuma, na mlio wa cherehani, na mama yake atakayebaki huko na mtoto mdogo, akayapima yote hayo, kisha akaishusha bunduki, akailaza kwenye majani, akajiambia, basi, nitakwenda kwa baba mkubwa. Tunaomba hilo lisikike vizuri, kwa sababu watu wamemsifu miaka arobaini na saba kwa jambo alilolifanya mlimani, na jambo lenyewe alilolifanya ndilo hilo.

Huku juu pikapu ilikuwa imesita, kama mtu anayekumbuka alichosahau nyumbani, kisha ikaanza kurudi nyuma, kimyakimya, injini imezimwa, ikampita marehemu bila dereva, na nyuma yake mama anakimbia na kiatu kimoja, anapiga kelele, "Shika! Shika!" na hadi leo hajaweza kueleza alikuwa anamwambia nani ashike nini. Mbawala alikuwa bado anamtazama kijana. Bampa ya nyuma ilimkuta hapohapo, ikambana kwenye ukingo wa udongo, naye hakuteseka, alikufa papo hapo, na pikapu ikatulia juu ya ukingo kana kwamba ndiko ilikokuwa inakwenda.

Marehemu alilia. Mama alikaa naye chini, barabarani, akamwacha alie hadi machozi yalipoisha yenyewe, akamfuta kamasi kwa pindo la koti, akasema, "Umemaliza? Haya. Umempiga wewe." Marehemu akasema, "Sikupiga, Mama. Niliiweka chini." Mama akasema, "Nimeona ulivyoiweka. Mimi mama yako ndiye niliyekuwepo, na mimi nasema umempiga wewe." Baada ya hapo wakampakia mnyama kwa taabu kubwa, wakaifunga bampa kwa mkanda wa bunduki isiburuzike, wakajaza rejeta maji ya kijito, wakashuka polepole, na njia nzima mama alimwachia yeye kazi ya kuushika mkono wa breki, akimwuliza kila kona, "Uko juu au chini?"

Mtaa mzima ulitoka kuwapokea. Kabla marehemu hajafungua kinywa mama alishatangaza, "Risasi moja tu!" na baba mkubwa, aliyekuwa anangoja barazani na begi lake, akamzunguka mnyama, akaangalia ubavu huu, akaangalia ule, akauliza, "Risasi yenyewe iliingilia wapi, shemeji?" Muuza bucha, aliyeinama na kisu na aliyekuwa ameshaona yote, ghafla akapata shughuli nyingi upande wa kwato. Mama akajibu, "Shemeji, mimi ni fundi. Tundu nikilishona mimi, halionekani." Watu wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko baba mkubwa akaenda nyuma ya pikapu, akakaa huko muda kidogo, akarudi anajifuta mikono, akamtazama kijana aliyevimba macho, akamtazama shemeji yake mwenye kiatu kimoja, akasema, "Mtoto abaki. Hiyo ndiyo shabaha." Jina likazaliwa hapo. Begi lililoletwa kwa ajili ya nguo liliondoka na paja la nyama, na wiki iliyofuata baba mkubwa, ambaye naye ametangulia, alituma bampa nzima ya mtumba, hakuambatanisha neno lolote.

Marehemu alimaliza kidato cha nne mwaka 1981, akajifunza ufundi magari kwa miaka miwili, akaendesha malori ya mbao, na Aprili 1986 akaajiriwa na shule ya udereva, ambako alifundisha hadi afya ilipomzuia. Wanafunzi wake mnajua kwamba kabla hajakupa ufunguo alikuuliza kwanza, "Kwenu kuna cherehani?" na ukisema ndiyo, unakaa somo zima unavuta na kushusha breki ya mkono gari likiwa limezimwa. Wapo waliodhani mwalimu ana kasoro kidogo, wapo waliodhani anatafuta fundi wa suruali, mmoja alimletea kadi ya biashara ya shangazi yake. Leo mmepata jibu. Vilevile rafiki zake waliomwalika kuwinda kila mwaka watakumbuka kwamba gari la mwalimu huyu lilikuwa zima miezi kumi na moja, ila msimu wa kuwinda ukifika, mara klachi, mara betri, mara rejeta.

Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa na aliyekuwa mwanafunzi wake, aliyefeli mtihani wa kurudi nyuma mara tatu, na hadi leo haijulikani kama alifeli au alifelishwa. Siku ya harusi msimamizi alisimulia kisa cha risasi moja, mbawala wakiwa sasa wamefika wawili, bwana harusi akamtazama mama yake, mama akaitazama sahani yake. Usiku ule mke alimwuliza, akaambiwa ukweli wote, na alipouliza kwa nini asiwaeleze watu, alimjibu, "Mama alishasema mbele ya mtaa mzima. Nianze mimi kumwita mwongo?" Walijaliwa mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume, na wajukuu wanne, na hakuna kati yao aliyewahi kulazimishwa kumshika kuku.

Moyo ulianza kumsumbua Februari 2022, miguu ikivimba na pumzi ikikatika ngazini, na alimweleza daktari kwa lugha yake, akasema, "Hii rejeta inachemka, dokta, tuiache ipoe kidogo tutaendelea." Alilazwa mara tatu. Katika mara ya mwisho mama yake, mwenye miaka themanini sasa, alikaa kando ya kitanda akipunguza kiuno cha pajama zilizokuwa zimempwaya, akamwuliza, "Mwanangu, niwaambie watu?" Akacheka hadi akakohoa, akasema, "Hilo ni lako, Mama. Mimi jina nimeshalizoea." Alitutoka Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkewe na mama yake wakiwa pale.

Kikao cha familia kiliposema tuandike kwamba marehemu alikuwa mwindaji hodari, ni mama aliyekataa, akasema, "Andikeni mimi ni dereva mbaya. Yeye aliiweka bunduki chini kwa hiari yake, mimi nikamvisha sifa isiyo saizi yake, akaivaa miaka yote asiniaibishe. Mzikeni na nguo yake mwenyewe."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomstahimili akiwasahihisha namna ya kuegesha vitanda, tunawashukuru majirani kwa viti, maji na mabega yao, tunawashukuru watoto wa yule muuza bucha, ambaye naye ametangulia na siri yake salama, na tunawashukuru walimu na wanafunzi wa shule ya udereva, walioleta magari yao yote kumsindikiza, mwendo wa pole, bila mmoja kumpita mwenziwe.

Mama yake, aliyekaa hapa mbele, ameomba neno la mwisho liwe lake, nasi tunalisoma kama alivyolisema: "Mwanangu, umefika, kaa utulie. Mkono wa breki nimeuvuta juu. Nimeangalia mara mbili, safari hii sikukosea. Pumzika kwa amani."