Sashibhushan na Miaka Thelathini na Moja ya Maji ya Kuchemsha

Bila mimi, Nibaran wa chumba cha kufungia magazeti, nusu ya Bengali isingejua kwamba kipindupindu huingia kwa mdomo. Kila nakala ya gazeti letu la afya imepita katika mikono hii, na Mkuu wa Wilaya aliwahi kunivulia kofia barabarani. Lakini leo, siku ya mwisho ya Chaitra, mwezi unaofunga mwaka wetu, anayestaafu ni Kaka Sashibhushan Karmakar, mpanga herufi wetu wa chapa kwa miaka thelathini na moja, kwa hiyo katika karatasi hii ya kumuaga nitajibana.

Ujanani Kaka Sashi alipenda maneno mazito. Daktari Gupta, mhariri wetu, akiandika tu "chemsha maji," Sashi alimbembeleza aipambe sentensi mpaka inukie hekalu.

"Gazeti si soko la samaki, Daktari," alikuwa akisema.

Mwaka wa kipindupindu kikali alipeleka toleo jipya kijijini kwa shangazi yake, Khiroda. Alimkuta ameloweka ukurasa wetu katika bakuli la maji ya bwawa, anamnywesha mjukuu, kama wanakijiji wafanyavyo na karatasi za dua za fakiri mwombeaji.

"Dawa yenu hafifu, Sashi," shangazi alimwambia. "Wino umetoka wote na mtoto bado anaharisha."

"Shangazi, imeandikwa uchemshe maji."

"Imeandikwa wapi? Nimesomewa mara mbili, sikuambulia kitu. Mbona almanaka ya siku njema na mbaya naielewa? Ikisema leo usile biringanya, sili."

Mtoto alipona, kwa taabu. Sashi alirudi kazini kichwa chini, wali wake ukapoa bila kuguswa. Kisha akampelekea Daktari wazo la shangazi, na tangu hapo ukurasa mmoja wa gazeti ukapangwa kama almanaka. Kusafiri: ngoja jua lipinduke. Kunyoa: Jumatano. Kuchemsha maji ya kunywa: saa zote ni za heri. Ukurasa ule wanawake waliubandika jikoni, na masufuria yakatokota.

Hata harusini Kaka Sashi huja na chupa yake ya maji. Mimi humpokea mbele ya watu: "Bwana harusi wa maji moto amefika."

Naye hunijibu, "Cheka, Nibaran, ila uchemshe."

Kaka Sashi, asante kwa kila herufi. Upumzike vyema, macho yako yapone wino, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha.

Nanyi wageni, maji ya sherehe hii nilikabidhiwa mimi. Nilijigamba kwamba hiyo ni kazi ya mkono mmoja. Dhoruba ya jana ikalowesha kuni, nami asubuhi hii nikayateka bwawani na kuufunika mtungi kwa kitambaa cha maua. Hayajachemshwa. Msiyanywe. Aya hii naipeleka sasa hivi kwa mpanga herufi, aipange kwa herufi kubwa kuliko za jina langu. Ndiyo kazi yake ya mwisho hapa, na namjua: akimaliza kuipanga, atatoka mwenyewe kutafuta kuni kavu.